Bureti, Mita Briji na Njia ya PCM

Tanzania haina mtihani wa kuingia uhandisi uliosimama peke yake, kama ule wa India ambao vijana kwa mamia ya maelfu huufanya kila mwaka kugombea nafasi katika vyuo vya uhandisi vya IIT. Mlango wetu ni kidato cha sita. Kijana husoma Fizikia, Kemia na Hisabati kwa miaka miwili, kombi ambayo nchi nzima inaijua kwa herufi tatu, PCM, kisha huingia chumba cha mtihani, na alama za masomo hayo matatu ndizo zinazoamua kama atakwenda kusomea madaraja na mitambo au atatafuta njia nyingine. Nimefundisha Fizikia ya kidato cha tano na sita katika shule za bweni za serikali hadi nikastaafu, na kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa kombi hiyohiyo. Ninachotaka kusimulia ni namna watu walivyojiandaa kuupita mlango huo, na namna maabara ilivyokuwa kiini cha maandalizi kabla ya kusukumwa pembeni.

Kwa kizazi cha wazazi wangu mlango wenyewe ulikuwa ng'ambo ya mpaka. Makerere, chuo kikongwe katika ukanda huu, hakikuwa kikifundisha uhandisi wakati ule. Uhandisi ulikuwa Nairobi, katika Royal Technical College iliyofunguliwa mwaka 1956, na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963 mgawanyo ukabaki hivyo: sheria Dar es Salaam, udaktari Makerere, uhandisi Nairobi. Mtoto wa Songea au Bukoba aliyeota kuwa mhandisi alifanya mtihani wa Cambridge, maswali yametungwa Uingereza, majibu yake yakasafirishwa kurudi Uingereza kusahihishwa, na akifaulu alifunga sanduku kwenda Kenya. Wachache mno walifika huko.

Kisha mambo yakaenda mbio. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Mwaka 1970 chuo kikuu cha pamoja kilivunjika, kila nchi ikabaki na chake. Mwaka 1971 Tanzania ilijitoa katika baraza lile la mitihani, na mwaka 1973 ikatungwa sheria iliyoanzisha Baraza la Mitihani la Tanzania. Mwaka huohuo wa 1973, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Kitivo cha Uhandisi kikafunguliwa kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Nilipenda kuitaja miaka hiyo darasani, kwa sababu vijana wengi hudhani PCM imekuwapo tangu enzi na enzi. Mtihani kuwa wetu na uhandisi kuwa wetu ni mambo ya mwaka mmoja. Na wakati ule haja ilikuwa inaonekana kwa macho: reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa, bwawa la Kidatu lilikuwa linajengwa, na wataalamu wakuu wa kazi zote mbili walikuwa wageni. Nchi ilihitaji watu wake wa kuisimamia mitambo hiyo wageni wakishaondoka.

Palikuwa pia na mlango wa pembeni ambao sipendi usahaulike. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zililea vijana walioshika tupa na msumeno wakiwa bado wadogo, wakaendelea Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kile kilichogeuka kuwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) mwaka 1997, wakapata cheti cha fundi sanifu, FTC. Mwenye FTC nzuri aliweza kuingia Mlimani. Alikuwa nyuma katika hisabati kuliko mwenzake wa PCM, ila mashine haikumtisha.

Kabla sijafika kwenye maabara za zama zangu, nikae kidogo kwa Erasto Mpemba, maana kisa chake ndicho kilichonifanya nipende kufundisha Fizikia, na kilitokea katika njia hii hii. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu shule ya Magamba, Lushoto. Wavulana pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanayaacha yapoe, ndipo wanayatia kwenye friza. Siku moja nafasi ndani ya friza ilikuwa inagombewa, Mpemba akaona akisubiri maziwa yapoe ataikosa, akayaingiza yakiwa ya moto. Yake yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wa Fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Akafaulu, akaenda kidato cha tano Mkwawa, Iringa. Huko mada ya kupoa kwa vitu kwa kanuni ya Newton ilipofundishwa, akauliza tena. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu darasani wenzake walimkejeli kwa maneno hayo. Hakunyamaza. Alikuta maabara ya Biolojia iko wazi, akachukua bika mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akaziweka kwenye friza ya maabara kujionea mwenyewe. Baadaye Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alikwenda pale kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akanyanyuka akauliza swali lake mbele ya wenzake. Wanafunzi wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi Dar aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Kiingereza la kufundishia fizikia. Mpemba wakati huo alikuwa Mweka, chuo cha wanyamapori karibu na Moshi. Hakwenda uhandisi. Jina lake lakini limebaki katika fizikia ya dunia, na mpaka leo wanasayansi wanabishana kuhusu sababu ya jambo lile na hata kuhusu mazingira ambayo linatokea.

Kila mwaka niliwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki wiki ile tunapopima kupoa kwa maji kwenye kalorimita. Mtihani unataka uchore mstari, utafute mteremko, uandike kanuni. Mvulana wa Mkwawa aliyafahamu yote hayo. Kilichomtofautisha ni kwamba friza ilikuwepo, bika zilikuwepo, mlango wa maabara ulikuwa wazi, naye alikuwa na swali. Ondoa kimoja kati ya hivyo, na leo tusingemjua.

Sasa turudi kwenye njia. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Musoma na kuamua kwamba hakuna tena kutoka kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Kijana alitakiwa amalize Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), afanye kazi angalau miaka miwili, kisha mwajiri na tawi la chama wamwandikie barua ya kumpendekeza. Nia yake ninaiheshimu: msomi aijue kazi na awajue wafanyakazi kabla hajapewa mamlaka. Ila kwa mtu wa PCM kipindi hicho kirefu kilikuwa na gharama ambayo mtu wa historia au sheria hakuilipa kwa kiwango kilekile. Historia unaweza kuisoma magazetini ukiwa kazini. Kalkulasi usipoigusa kwa miaka mitatu inakutoka mkononi.

Kaka yangu alikumbwa na uamuzi huo. Alitoka JKT akapangiwa kiwanda cha nguo, idara ya matengenezo, na huko alijifunza mambo mengi kuhusu mota na mikanda ambayo hakuna mwalimu ambaye angemfundisha. Usiku alikuwa akifungua madaftari yake ya kidato cha sita chini ya taa ya kandili, na mimi, wakati huo niko sekondari ya chini, nilipewa kazi ya kumshikia kitabu na kumsomea maswali ya intigresheni bila kuelewa ninachosoma. Alama zile ndefu kama herufi S zilinivutia. Nikamuuliza maana yake, akaniambia ni kujumlisha vitu vidogo mno visivyohesabika hadi upate kitu kizima. Nilichagua PCM kwa sababu ya jibu hilo, ingawa nyumbani walidhani nimemfuata kaka tu.

Matokeo ya uamuzi wa Musoma yalionekana mapema Mlimani: waombaji walipungua, na upungufu uliuma zaidi kwenye vitivo vya sayansi. Masharti yakalegezwa, kwanza kwa wasichana, kisha kwa fani zilizokosa watu. JKT yenyewe iliendelea. Sheria yake ya 1966 ndiyo iliyowachukiza wanafunzi wa Dar wakaandamana hadi wakarudishwa makwao, na kwa karibu miongo mitatu kila aliyemaliza kidato cha sita alipitia Ruvu, Mafinga, Makutupora au kambi nyingine kabla ya chuo, hadi iliposimamishwa mwaka 1994. Ilirejeshwa mwaka 2013. Vijana wa PCM wa zama zangu walikuwa na desturi ya kubeba kitabu kimoja cha hisabati kambini na kukifungua Jumapili. Wengi walikirudisha nyumbani kikiwa na kurasa zilezile zilizokunjwa siku ya kwanza.

Wengine waliupita mlango wa tatu, ule wa Urusi. Chuo Kikuu cha Urafiki cha Moscow, kilichoanzishwa mwaka 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba, kilichukua vijana kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na mwaka wa kwanza ulikuwa wa matayarisho: Kirusi asubuhi hadi jioni, na ndani yake fizikia, kemia na hisabati zikifundishwa upya kwa Kirusi. Wahandisi niliowafahamu waliosoma huko walikuwa na tabia moja: walikusolvia hesabu kwa herufi hadi mwisho, namba wakazitia kwenye mstari wa mwisho kabisa. Niliiga tabia hiyo na kuwalazimisha wanafunzi wangu waifuate. Walinung'unika mwanzoni.

Maabara ndiyo ninayoijua kuliko kitu kingine, kwa hiyo nitaizungumzia kwa kirefu. Tulipoingia kidato cha tano mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilikuwa imetoka vitani Uganda na fedha za kigeni zilikuwa hazipo. Vitabu havikuingia, karatasi hazikuingia, vifaa vya maabara havikuingia. Karatasi ya grafu ilikuwa mali. Tulipewa moja kwa jaribio la mtihani wa ndani, na kwa mazoezi tulijichorea miraba wenyewe kwa rula kwenye daftari, milimita kwa milimita, kazi ambayo iliweza kula jioni nzima. Sijutii jioni hizo. Anayejichorea grafu yake hujua skeli ni nini, hapachiki nukta ovyo.

Jaribio la mita briji linataka waya wa mita moja wenye ukinzani uleule kila mahali, ulionyooshwa juu ya ubao, galvanometa, na kiguso unachokipitisha juu ya waya hadi mshale usimame kwenye sifuri. Waya wetu ulikuwa umechakaa kwa kukwaruzwa na vizazi vya wanafunzi, ukawa mwembamba katikati. Mwalimu wetu alitafuta jiko la umeme lililoungua, akatoa koili yake ya nikromu, akaipasha moto na kuinyoosha taratibu, akapata waya mpya. Potenshiometa inataka umeme usioyumba. Betri za tochi zilichoka baada ya vipimo vichache, hivyo siku ya jaribio ilibebwa betri ya trekta la shamba la shule. Siku hiyo shamba lilisubiri. Upande wa Kemia maji yaliyokenekwa yalikuwa hadithi, tulikinga maji ya mvua baada ya bati kuoshwa vizuri na mvua ya kwanza. Kiashiria kikiisha, yalichemshwa maua mekundu ya haibiskasi, na rangi yake ikabadilika kwenye asidi na kwenye besi kama kawaida, ingawa haikuwa kali kiasi cha kutegemewa kwenye mtihani wa mwisho.

Baadaye, nikiwa mwalimu, nilikuja kuelewa uzito wa upande wa pili wa meza. Kwa mtihani wa vitendo Baraza hutuma maelekezo mapema: orodha ya vifaa na kemikali ambazo shule inapaswa kuwa nazo, ili wasiokuwa nazo watafute. Kisha kuna bahasha nyingine, ile inayofunguliwa saa 24 kabla ya mtihani, inayoeleza hasa nini kiandaliwe na kwa kipimo gani. Usiku huo mwalimu wa somo na fundi sanifu wa maabara hawalali. Unapima magadi kwa mizani, unayeyusha, unajaza chupa, unaandika vibandiko, unajaribu mwenyewe titresheni uone asidi inakata kwenye ujazo gani, maana ukikosea mchanganyiko umewaangusha watoto wa watu wote kwa pamoja.

Na wanafunzi hawajalala pia. Tangu orodha ya kwanza inapofika wao huwa wapelelezi. Wakiona mwalimu wa Fizikia amerudi mjini na lenzi, bweni zima usiku huo linasoma mwanga. Wakiona mikebe na vipimajoto, wanarudi kwenye joto. Niliwahi kusikia kundi likijadili kwa saa nzima maana ya boksi moja tu lililoshushwa kwenye gari la shule, na ndani yake mlikuwa na chaki. Yale yalikuwa maandalizi halisi, kwa namna yake: katika kubahatisha jaribio gani litakuja, walikuwa wanayapitia yote.

Kilichobeba kombi hii zaidi ya mwalimu ni diskasheni. Mtihani ni wa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, lakini saa nne usiku, ubao wa darasa tupu ukiwa umejaa mishale ya nguvu na mvutano, maelezo yanatolewa kwa Kiswahili. Mmoja mwenye kipaji cha hisabati anamwelekeza wa Kemia, kesho yake wanabadilishana. Katika shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora na Kilakala desturi hii ilikuwa na nguvu kiasi kwamba hata mwalimu akikosekana muhula mzima watu walifaulu. Sisemi hivyo kuwasifia waliotunyima walimu. Nasema yalikuwepo maarifa yaliyopita kutoka kidato cha sita kwenda cha tano bila kuandikwa popote: mada ipi ianze, swali lipi lina mtego, namna ya kuandika uchunguzi wa chumvi isiyojulikana ili usahihishaji usikupite, pete ya kahawia ya naitreti inavyopotea ukitikisa mrija.

Vitabu vilikuwa vichache na vilijulikana kwa majina ya watunzi wao, kama jamaa wa ukoo. Fizikia ilikuwa Nelkon na Parker, toleo la bei nafuu la ELBS. Hisabati ilikuwa Tranter, na baadaye Backhouse. Nakala moja ilizunguka kwa zamu, na aliyekuwa na zamu ya usiku wa manane aliamka. Biashara ilipofunguliwa, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na hasa miaka ya 1990, vitabu vya India vikaingia kwa wingi, S. Chand na Modern ABC, vinene, vyenye mifano iliyosolviwa kurasa kwa kurasa. Vilisaidia mno. Pia vilibadilisha usomaji, kwa sababu mwanafunzi aliyekuwa akihangaika na swali moja la Nelkon siku mbili sasa aliweza kusoma majibu ya maswali kumi kwa siku moja na kujiona ameelewa.

Katika miaka hiyohiyo tuisheni ikashamiri. Sababu zake hazina siri. Mshahara wa mwalimu uliliwa na kupanda kwa bei, shule zikaongezeka, walimu wa sayansi hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Dar es Salaam, jina la Mchikichini, Ilala, likajulikana hadi mikoani: mabanda, mabenchi yaliyobanana, sare za shule mbalimbali zimechanganyika, na mbele mwalimu mmoja mwenye chaki anayejua pasti pepa za miaka mingi kichwani. Siwadharau walimu wale. Wapo walioeleza mwendo wa duara vizuri kuliko nilivyowahi kueleza mimi, na waliwabeba watoto ambao shuleni kwao hapakuwa na mwalimu wa Fizikia kabisa. Mtahiniwa wa kujitegemea aliyekuwa akirudia mtihani alipata pale darasa lake pekee. Lakini banda halina bureti. Kinachofundishika pale ni karatasi, na karatasi ikifundishwa kwa ustadi hivyo mwanafunzi huanza kuamini kwamba ndiyo somo lenyewe. Mwishowe nilikuwa nikipokea kidato cha tano wenye alama A za kidato cha nne ambao hawajawahi kuwasha kibatari cha maabara, kwa sababu shule nyingi zisizo na maabara ziliruhusiwa kufanya mtihani mbadala wa vitendo, ule wa kueleza kwa kalamu jambo ambalo mkono haujalifanya.

Wanaotaka kuona mwisho wa njia hiyo waiangalie Kota, mji wa Rajasthan, India. Mhandisi mmoja wa kiwanda cha J.K. Synthetics pale, V. K. Bansal, alipatwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, na miaka ya 1980 akaanza kuwafundisha hisabati watoto wachache nyumbani kwake. Walifaulu kuingia IIT. Mwaka 1991 akafungua madarasa rasmi. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1997 mji ukawa umekwisha kupata kazi nyingine ya kuuendesha, kuwaandaa vijana kwa mtihani mmoja. Bansal alifariki mwaka 2021. Namheshimu sana mtu yule, aliyefundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ila mji uliokua nyuma yake umewachosha watoto hadi wengine wakajitoa uhai, na mwaka 2023 mamlaka za huko ziliagiza feni za vyumba vya mabweni zifungwe springi ili zisibebe uzito wa mtu. Nilipoisoma habari hiyo nililia. Ule mtihani wao wa IIT hauna sehemu ya maabara. Kila kinachopimwa kinaweza kufundishwa kwa kalamu, usiku na mchana, bila kikomo, na pengine hiyo ndiyo sababu biashara ile ilipata nafasi ya kukua kiasi kile.

Kwetu wasichana walikuwa wachache katika PCM tangu mwanzo. Darasa letu la wasichana lilijaa safu moja na nusu ya madawati, na tulipokwenda kutumia vifaa shule ya jirani ya wavulana walitupisha kwa adabu kisha wakasimama kutazama kama tunajua kufunga saketi. Tulijua. Mlimani hali ilikuwa hivyohivyo kwa muda mrefu, hadi miaka ya 2000 kitengo cha uhandisi kilipoanzisha mpango maalumu kwa msaada wa Shirika la Carnegie la New York: wasichana waliofaulu PCM lakini wakakosa alama za ushindani waliitwa chuoni wiki kadhaa, wakafundishwa upya fizikia, kemia na hisabati, wakapimwa, na waliofaulu wakaingia. Ndicho kitu kilichokaribia zaidi mtihani wa kuingia uhandisi ambacho nimepata kukiona nchini. Baadhi ya wanafunzi wangu walipita huko na leo ni wahandisi wa maji na wa umeme.

Mengine ya karibuni yanajulikana. Kuanzia 2004 shule za kata zilijengwa kila mahali, na muongo mmoja baadaye ikaja kampeni ya kila shule kuwa na maabara tatu. Majengo yalisimama, mengi yalikaa muda mrefu bila vifaa wala mtu wa kuvitumia. Udahili wa vyuo uliwekwa chini ya mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mwaka 2010, ukarudishwa kwa vyuo vyenyewe mwaka 2017. Mwaka 2014 divisheni ziliondolewa, ikaletwa GPA, haikudumu, zikarudi, na vijana wakaendelea kuota one ya tatu, yaani A katika masomo yote matatu.

Kwenye Fizikia karatasi mbili za nadharia zina alama 100 kila moja, na ya vitendo ina 50. Sehemu moja ya tano. Vijana wa mtaani kwangu huja na pasti pepa wakitaka tusolvu pamoja, na walimu wao huko wanakotoka wamekwisha kuwaambia kwamba hiyo moja ya tano mtu anaweza kuikariri. Mwezi uliopita niliwapa uzi, nati kubwa ya gurudumu la lori na simu yenye stopwochi, nikawaambia wanitafutie mvutano wa dunia. Walining'iniza kwenye tawi la mwembe, urefu sentimita 49, wakahesabu mizunguko, wakaingiza kwenye kanuni, wakapata 9.6. Wakanitazama nifanye nini na 0.2 iliyopotea. Mmoja akasema ni upepo, kwa sababu ndilo jibu linaloandikwa kwenye pasti pepa mahali pa sababu za makosa. Nikawauliza urefu walianzia wapi na kuishia wapi. Walikuwa wamepima hadi ukingo wa juu wa nati. Katikati ya nati iko sentimita moja chini ya hapo, na ukiweka 50 badala ya 49 unapata 9.8. Ndipo yule wa upepo akauliza: je, tungepima kwa urefu tofauti mara nyingi na kuchora grafu bila kurekebisha kosa lile, tungepata ngapi? Tulichora. Mstari haukupita kwenye sifuri, na mteremko wake ukatoa jibu sahihi. Walikaa pale chini ya mwembe hadi magharibi wakibishana ni kwa nini.